Tufunge kaunta ya dawa, au tuanze na banda la kuku?

Jioni, karibu na soko la Mbuyuni mjini Moshi, mama mmoja anaegemea kaunta ya duka la dawa: "Nipe rangi mbili za buku," yaani vidonge vya antibiotiki, dawa ya kuua bakteria, vya shilingi elfu moja. Anahesabiwa, anafungiwa kwenye karatasi, anaondoka. Cheti hana, na hakuna aliyemuuliza anaumwa nini.

Wanaotaka mtindo huu ukomeshwe wana hoja nzito. Tumezoea kusema "mwili umeizoea dawa", kumbe wanaobadilika ni bakteria. Dawa huua walio dhaifu, wenye jeni ya usugu wakabaki na uwanja wote. Fleming, mgunduzi wa penisilini, alionya kuhusu dozi hafifu tangu 1945.

Mimi nasita kidogo. Mama huyu akinyimwa atapanda daladala, apange foleni, alipie kumwona daktari, kisha pengine aandikiwe rangi mbili zilezile kwa kukisia, maana kuotesha vimelea maabara huchukua siku mbili tatu. Hapo tumemwongezea nauli tu.

Halafu iko kolistini. Ni dawa kongwe iliyowekwa kando kwa kuumiza figo, ikarudishwa bakteria walipoanza kuzishinda hata karbapenemu, antibiotiki kali za akiba. Ina chaji chanya, hivyo hunasa kwenye utando wa bakteria wenye chaji hasi na kuupasua. Mwaka 2015 watafiti wa China walitangaza jeni ya mcr-1, ambayo hupunguza ile chaji hasi, dawa ikakosa pa kushika. Tena jeni hiyo imo kwenye plasmidi, kipande cha DNA ambacho bakteria mmoja humpa mwingine, hata wa jamii tofauti. Waliikuta kwa wagonjwa, ndiyo, lakini zaidi kwa nguruwe. Huko kolistini ilikuwa ikichanganywa kwenye chakula cha mifugo ili wanenepe, hadi ilipopigwa marufuku 2017.

Mfugaji wa kuku naye ana lake: vifaranga 500 wakianza kuharisha usiku, mkopo hausubiri maabara. Kutibu waliougua, sawa. Lakini antibiotiki kwenye maji ya kuku wazima, eti kinga? Hapana. Ningepewa kufuli moja tu, ningefunga ndoo hiyo, na kaunta ya Mbuyuni ningeiacha wazi mpaka kipimo kishuke bei.