Nasari si ya watoto wa mjini peke yao

Wiki iliyopita kwenye kikao cha wazazi, mgeni mmoja mwenye cheo alisimama akatuambia kwamba wazazi wa kambi za miwa hatuthamini elimu. Ndiyo maana, alisema, watoto wetu wanaingia P.1, yaani darasa la kwanza, hawajui hata kushika penseli. Kina mama waliokaa nyuma yangu walikuwa wametoka shambani moja kwa moja, mikono imechanwa na majani ya miwa, na pesa ya siku hiyo walikuwa wameikosa ili waje kusikia maneno hayo. Niliinua mkono nijibu. Nikaambiwa muda umekwisha. Basi najibu hapa: kinachokosekana kambini ni nasari, shule ya watoto wadogo kabla ya P.1.

Mimi ni mpaliliaji. Kwetu ni Nebbi, Nile Magharibi ya Uganda, nikavuka mto Nile kwa daraja la Pakwach kuja huku Bunyoro kwenye mashamba ya miwa kama wengi walionitangulia. Tangu enzi za Mwingereza watu wa Nile Magharibi wanaondoka makwao kwenda kwenye miwa, Lugazi, Kakira, na sasa huku. Mikono yetu ndiyo inayotakiwa. Watoto wanaokuja nyuma ya mikono hiyo, sijamsikia mtu akiuliza wanashinda wapi.

Wanashinda hivi. Nyapara anagawa vipande vya kazi alfajiri. Ukichelewa hupati kipande, na usipopata kipande jioni hakuna posho. Mama anatoka giza halijaisha, uji ameuacha kwenye sufuria, na mtoto wa miaka mitatu anabaki na dada yake wa miaka minane, ambaye kwa hiyo siku hiyo haendi shule. Kama hakuna dada, anaachiwa jirani aliyejifungua juzi. Kama hakuna jirani, anabebwa mpaka shambani. Wangu nimewabeba. Unatandika leso mwisho wa mstari penye kivuli, unamwambia asisogee, unaingia na jembe. Kila nilipofika mwisho wa mstari nilikuwa natafuta kwanza ile leso kwa macho, nione kichwa chake, ndipo nigeuke kuanza mstari mwingine. Mle ndani mna nyoka, mna mapanga, mna matrekta yanayorudi nyuma kupakia miwa, na mna dawa ya magugu iliyopigwa majuzi. Mama anayepalilia namna hiyo, macho nusu kwenye jembe na nusu kwenye leso, usimwambie kwamba hajali.

Sasa tuje kwenye sheria, maana yule mgeni hakuigusa. Sheria ya Elimu ya 2008 inaitambua nasari kuwa ngazi ya kwanza ya elimu Uganda, halafu hapo hapo inaiacha mikononi mwa watu binafsi. UPE, elimu ya msingi ya bure ya serikali, ilipoanza 1997 ilianzia P.1, na mpaka leo chini ya P.1 kila mtu na mfuko wake. Mjini wanajikokota, nasari zipo kila mtaa. Lakini ukiitazama vizuri sheria hiyo, inategemea watu wawili: mzazi aliye na nafasi nyumbani, au mfanyabiashara anayeona wateja. Kambini hawapo wote wawili. Mzazi yuko kwenye mstari wake. Mfanyabiashara akisikia tunalipwa kiasi gani anageuza bodaboda yake arudi mjini, na simlaumu. Nchi hii kima cha chini cha mshahara ni kile kile cha shilingi 6,000 kwa mwezi kilichowekwa 1984. Bunge lilipitisha muswada mpya 2019, Rais hakuutia saini. Ada ya nasari itoke wapi?

Wazee wetu wengine wananipinga, na wao nawajibu kwa heshima. Wanasema: mwanangu, sisi tulisoma bila nasari, tukafika. Ni kweli. Lakini wazee wangu, nasari mlikuwa nayo, ila haikuwa na jina. Nyumbani mtoto alikuwa na bibi aliyemfundisha kuhesabu mihogo akimenya. Alikuwa na shangazi, alikuwa na binamu wa rika lake uani, na jioni motoni alisikia hadithi na vitendawili mpaka usingizi umchukue. Alipofika darasa la kwanza alikuwa ameshajifunza kusikiliza, kungoja zamu yake, kujibu mkubwa akimwuliza. Bibi huyo tumemwacha ng'ambo ya Nile. Huku tuna chumba kimoja cha banda, ukuta kwa ukuta na watu wa makabila manane, na mama anayerudi jioni akiwa hana nguvu hata ya kuongea. Aliyehama ameacha zaidi ya shamba lake. Ameacha watu wote waliokuwa wakimlelea mtoto bure. Ndiyo maana nasema mtoto wa kambi anaihitaji nasari kuliko hata mtoto wa mjini, na ndiye anayeikosa.

Korona ilipofika, shule zilifungwa Machi 2020, na za nasari hazikufunguliwa mpaka Januari 2022. Nchi nzima ililia kwamba watoto wadogo wanapotea. Na walikuwa wanapotea kweli. Watoto wetu wanaishi hivyo kila mwaka, korona au bila korona.

Na P.1 yenyewe imegeuka kuwa nasari. Watoto wa miaka minne wanapenyezwa mle kwa sababu hakuna pengine pa kuwaweka, wanakaa chini pamoja na wa miaka saba, mwalimu mmoja na umati. Mtoto wa Mwaluri au Mlugbara anafundishwa kwa Kinyoro, lugha ya wenyeji wa huku ambayo hajawahi kuisikia ndani kwao. Lugha ya kambini ni Kiswahili. Mwaka unaisha anaambiwa arudie. Anarudia mara ya pili, anachoka, anakwenda kukusanya miwa iliyodondoka. Halafu tunahesabiwa kuwa wazazi wasiojali.

Sisi tumejaribu. Chini ya mwembe karibu na mabanda kuna mama mmoja aliyesoma mpaka S.4, yaani sekondari mwaka wa nne, na wazazi tunamchangia unga, maharage na pesa kidogo tukilipwa. Anafundisha kwa vifuniko vya soda na vijiti, nyimbo, kunawa mikono, rangi. Watoto waliopita kwake nimewaona P.1: wanaingia darasani bila kulia, na wanainua mkono. Mvua ikinyesha hakuna shule. Mwezi ambao malipo yamechelewa, mlezi naye anarudi shambani, kwa sababu ana watoto.

Wakubwa wanasema mlezi huyo hana vyeti. Sera ya Taifa ya Walimu ya 2019 inataka kila mwalimu awe na digrii. Sawa, sitaki mwanangu afundishwe na mtu asiyejua kazi, hilo nalikubali. Lakini mwenye digrii atakayekuja kukaa chini ya mwembe wetu kwa unga na maharage, mnamtoa wapi? Mfundisheni huyu aliyepo. Mleteni mkufunzi wakati wa likizo, mpeni kitabu cha mwongozo, mkagueni. Kumfukuza halafu pasiwe na mtu si kulinda ubora.

Katiba, ibara ya 34, inasema elimu ya msingi ya mtoto ni jukumu la serikali na la wazazi. La wote wawili. Upande wetu tunaubeba kwa unga na vifuniko vya soda.

Tunachotaka si kikubwa. Kampuni inayotupangisha mabanda itenge chumba kimoja, chenye bati lisilovuja na choo cha watoto, kiwe wazi kuanzia saa ile ile nyapara anapogawa vipande, maana nasari inayofunguliwa saa mbili na nusu haimsaidii mama aliyeondoka alfajiri. Serikali imlipe mlezi na iongeze darasa la nasari katika kila shule ya UPE inayozungukwa na mashamba. Uji tutapika wenyewe. Haya tumeyaandika kwenye barua kwenda makao ya sabukaunti, nakala kwa mwenyekiti wa LC, baraza la mtaa, na kwa meneja wa shamba, na wazazi wasiojua kuandika wameweka dole gumba. Mzazi wa kambi nyingine, ya miwa au ya chai kule Fort Portal na Bushenyi, akitaka kuiona ili aandike ya kwao, aniambie nimpe.