Kozi ya Wanafunzi Sita: Muungano wa Vyuo Vikuu Unaanzia Wapi

Idara nyingi za vyuo vikuu zina kozi iliyomo kwenye kitabu cha mwongozo kila mwaka lakini haifundishwi. Inaweza kuwa isimu historia, fizikia ya plazma, uchumi wa kazi au uainishaji wa wadudu. Sababu ni ile ile: wanaojiandikisha ni watano au sita, na kanuni ya chuo inataka wasipungue 10, pengine 15, ndipo mhadhiri ahesabiwe saa zake. Kozi inaahirishwa. Mwaka wa pili inaahirishwa tena. Baadaye mhadhiri aliyeijua anastaafu, nafasi yake inapewa mtu wa fani yenye wanafunzi wengi, na somo limekufa bila kikao chochote kuamua life.

Hapo ndipo muungano wa vyuo una kazi ya kufanya, na wanaoupinga hawapaangalii sana. Chukua vyuo 5, kila kimoja kina wanafunzi 6 wanaoitaka kozi hiyo. Kwa pamoja ni 30, darasa kamili. Vyuo hivyo vikibeba kila kimoja kozi yake moja ya namna hii na kupokeana wanafunzi, kila mwanafunzi anapata kozi 5 za kuchagua ambazo jana hakuwa na hata moja, na kila chuo kinamlipa mhadhiri wa kozi moja tu. Hesabu yenyewe ni ya shule ya msingi. Ugumu uko kwenye ofisi za wasajili, na huko ndiko miungano mingi hufia.

Wanaopinga wana mengi ya kusema, na wengi wao wameona kwa macho. Wameona hati za makubaliano zinasainiwa kwa shangwe, halafu miaka mitatu inapita bila mwanafunzi hata mmoja kuvuka kutoka chuo hadi chuo. Wameona chuo kikubwa kinachuma jina na kidogo kinabaki kupeleka wanafunzi. Imperial College kilijitoa katika Chuo Kikuu cha London mwaka 2007, na Cardiff kilikuwa kimejitoa katika Chuo Kikuu cha Wales mwaka 2004; vyuo vikuu hivyo viwili vilikuwa mashirikisho ya vyuo. Mshirika ambaye jina lake limeanza kuuzika peke yake huona shirikisho linamchelewesha. Na kwa msomaji wa Kiswahili, mfano wa kwanza ni wa nyumbani: Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kilichoziunganisha Makerere, Nairobi na Dar es Salaam mwaka 1963, kikavunjwa mwaka 1970.

Mfano huo husomwa harakaharaka, kana kwamba siasa za mataifa matatu zilitosha kukiua. Tazama kilichogawanywa. Udaktari uliwekwa Makerere, uhandisi na tiba ya mifugo Nairobi, sheria Dar es Salaam. Zilikuwa shahada nzima, tena zile ambazo serikali changa ilizihitaji kuliko zote. Ni vigumu serikali kuvumilia kwa muda mrefu kwamba madaktari wake wote wafundishwe ng'ambo ya mpaka, kwa idadi ya nafasi isiyoipanga yenyewe. Ndiyo maana Nairobi ilianza kufundisha udaktari mwaka 1967, na mwaka 1968 Makerere ikaanza sheria huku Dar es Salaam ikipata kitivo chake cha udaktari. Mgawanyo ulikuwa umeshakufa kabla chuo chenyewe hakijavunjwa.

Sasa linganisha na AERC, shirika la utafiti wa uchumi barani Afrika lenye makao Nairobi, lililoanzishwa mwaka 1988. Programu yake ya pamoja ya uzamili ilianza mwaka 1993, na muundo wake unastahili kusomwa na kila mkuu wa idara. Kozi za lazima, yaani nadharia ya uchumi na mbinu za takwimu, mwanafunzi huzisoma chuoni kwake. Kwa kozi za kuchagua, wanafunzi wa vyuo mbalimbali hukutanishwa pamoja kwa miezi michache na kufundishwa na wahadhiri waliotafutwa popote walipo. Shahada hutolewa na chuo cha mwanafunzi mwenyewe. Kozi za lazima zina wanafunzi wa kutosha kila mahali, kwa hiyo hakuna sababu ya kuzigawana. Za kuchagua ndizo zenye wanafunzi sita. Hakuna nchi iliyoachwa bila wachumi kwa sababu jirani alikasirika.

Basi tuje kwenye krediti, yaani vipimo vya kazi anayoifanya mwanafunzi katika kozi, ambazo mikataba huzimaliza kwa sentensi moja: vyuo washirika vitatambua krediti za kila kimoja. Tanzania, Afrika Kusini na Uingereza huhesabu mwaka mmoja wa masomo kuwa krediti 120, kila moja ikiwa saa 10 za kazi ya mwanafunzi. Mfumo wa Ulaya, ECTS, huhesabu mwaka kuwa krediti 60, kila moja saa 25 hadi 30. Mwanafunzi wa chuo cha Ulaya akisoma kozi ya krediti 12 katika chuo cha mfumo wa kwanza, amefanya kazi ya saa 120. Akirudi kwao anapewa ngapi? Ofisi inayolinganisha mwaka kwa mwaka inagawanya kwa mbili na kumpa 6. Ofisi inayolinganisha saa kwa saa inagawanya 120 kwa 25, inapata 4.8, ikitumia 30, inapata 4.

Ofisi zote zinaweza kutetea hesabu yao, na hakuna iliyodanganya. Ila mwanafunzi aliyesoma kozi 4 za namna hiyo anarudi na krediti 24 au 16, kutegemea nani alishika faili lake. Pengo la 8 ni zaidi ya robo ya muhula wa krediti 30. Lazima lizibwe, na kozi ya kulizibia huenda inafundishwa muhula ujao, au mwakani. Kijana anachelewa kuhitimu kwa sababu ya desimali, mdhamini anauliza, mzazi anauliza, na mwaka unaofuata hakuna anayetaka kuvuka. Kisha ripoti inaandikwa kwamba wanafunzi hawana hamu ya kubadilishana.

Hata ndani ya nchi moja jambo hilo lipo, kwa umbo dogo linaloudhi zaidi. Chuo kimoja kimejenga mtaala wake kwa kozi za krediti 10, kingine kwa 12. Anayechukua ya 10 badala ya 12 anabaki na upungufu wa 2, na kozi ya krediti 2 haipatikani popote. Tiba inajulikana: kanuni moja ya kulinganisha, mwaka kwa mwaka, iandikwe kwenye kiambatisho chenye jedwali la kozi zenyewe kabla mwanafunzi wa kwanza hajajiandikisha, mwanafunzi asaini orodha ya kozi akiwa bado kwao, na mtu yeyote asiwe na ruhusa ya kufanya hesabu upya akisharudi. Ni kurasa nne au tano za kazi ya kuchosha. Mshirika asiyekuwa tayari kuziandika hajaingia kwenye muungano, hata kama nembo yake imo.

Alama nazo zina mtego wake. Asilimia 70 Uingereza ni daraja la kwanza. Katika vyuo vingi vya Marekani ni alama ya kawaida sana, na kuihamisha namba kama ilivyo ni kumwadhibu mmoja na kumzawadia mwingine. Mwongozo wa ECTS wa mwaka 2015 unapendekeza kulinganisha mgawanyo: aliye katika kumi bora kwa kila mia kule, ahesabiwe kama aliye katika kumi bora kwa kila mia huku. Ni busara, mradi takwimu zichukuliwe kwa fani nzima na kwa miaka isiyopungua miwili. Mgawanyo wa alama za darasa la watu sita haumwambii mtu chochote.

Baada ya hapo ni kalenda. Vyuo viwili vikifungua kwa tofauti ya wiki tatu, mwanafunzi anakosa mwanzo wa kozi moja au mwisho wa nyingine. Mitihani ndiyo hatari zaidi: bodi ya watahini inakaa, alama kutoka chuo mshirika hazijafika, matokeo yanasomeka kuwa hayajakamilika, na mfumo wa mkopo au ufadhili unamsimamisha mtu asiye na kosa. Inasaidia kutenga vipindi viwili kwa wiki ambavyo hakuna mshirika anayepanga kozi nyingine, na kuweka tarehe ya alama kufika angalau siku 10 kabla ya kikao cha bodi.

Kufundisha kwa njia ya mtandao kumerahisisha mengi, lakini wanaodhani kumemaliza kila kitu hawajakaa nyuma ya darasa lililounganishwa. Kinachoharibika kwanza ni sauti, hasa ya wanafunzi: mhadhiri ana maikrofoni nzuri, wao wana moja ya mezani, kwa hiyo swali la chumba cha pili halisikiki na baada ya wiki tatu hakuna anayeuliza. Kila chumba kinahitaji mkufunzi msaidizi aliyesoma somo lenyewe, anayelipwa kwa saa hizo. Kazi za maabara hazipiti kwenye skrini. Hukusanywa katika wiki mbili za likizo, wanafunzi wakisafiri.

Ada hugombanisha vyuo kuliko taaluma. Njia nyepesi ni ile inayojulikana kwa vyuo vitano vya Massachusetts, Marekani, vinavyoitwa Five Colleges: mwanafunzi analipa kwao na anasoma kozi ya jirani bila kuongezewa ada. Ushirika huo ulisajiliwa mwaka 1965. Wanne wa kwanza ndio waliopanga chuo cha tano, Hampshire, kilichofunguliwa mwaka 1970, na vimejenga hadi idara ya pamoja ya astronomia. Vyuo hivyo vimekaribiana kiasi cha mwanafunzi kwenda kwa basi, na hilo lisisahaulike anayetaka kuiga. Kwa walio mbali, vyuo vihesabu wanafunzi waliotoka na walioingia, kisha vifidiane tofauti kila baada ya miaka mitatu; mwaka mmoja mmoja hupanda na kushuka mno.

Upande wa utafiti, faida inayokuja haraka ni usimamizi wa pamoja wa wanafunzi wa uzamivu, kwa sababu unahitaji watu wawili na seneti mbili tu kukubaliana. Mashine ni jambo jingine. Kila mtu anataka hadubini ya elektroni ya pamoja, na wachache huuliza nani atalipia mkataba wa matengenezo, ambao kwa mwaka unaweza kukaribia sehemu ya kumi ya bei ya kununulia, pamoja na mshahara wa fundi asiyefanya kazi nyingine. Bila daftari la saa na malipo kwa saa, chuo kilichoiweka mashine huitumia mchana, na washirika hupewa usiku.

Fedha za nje zina mipaka yake pia. Umoja wa Ulaya ulichagua miungano 17 ya kwanza mwaka 2019, na kufikia 2024 ilikuwa zaidi ya 60, kila mmoja ukiweza kupata hadi euro milioni 14.4 kwa miaka minne. Linasikika kama pato kubwa. Gawanya kwa vyuo 9 na miaka 4: euro 400,000 kwa chuo kwa mwaka. Zinalipa waratibu, safari na mfumo wa usajili. Haziajiri idara. Kwa hiyo anayesema muungano huishi kwa ruzuku na utakufa nayo hajakosea, ikiwa kozi zenyewe hazikuingizwa kwenye mtaala wa kawaida na mzigo wa kawaida wa wahadhiri.

Na hapo ndipo ilipo hoja nzito kuliko zote za wapinzani: hesabu ya vyuo vitano husomeka pia kinyumenyume. Ofisi ya fedha inaweza kuona kwamba kama kozi moja inatosha vyuo vitano, wahadhiri wanne wamezidi. Si hofu ya wavivu. Nakubali kwamba hakuna kiambatisho cha krediti kinachoizuia. Kinachoweza kuizuia kimeandikwa katika mikataba ya ajira: nafasi ya kufundisha isifutwe kwa sababu ya kozi ya pamoja kwa muda uliotajwa, tuseme miaka mitano, na mwanafunzi wa chuo mshirika ahesabiwe kwenye mzigo wa mhadhiri sawasawa na wa nyumbani. Chama cha wahadhiri kinachokataa kusaini bila maneno hayo kinalinda muungano kuliko mkuu wa chuo anayekiita kikwazo. Hata hivyo somo ambalo halijafundishwa kwa miaka mitatu halimlindi mhadhiri wake pia.

Kifungu kinachosahaulika ni cha kujitoa. Notisi ya miezi 12 inaonekana ya haki, ila uzamivu huchukua miaka mitatu, minne, mara nyingine zaidi. Iandikwe kwamba waliokwisha kujiandikisha watamaliza kwa masharti waliyoanza nayo, msimamizi wa chuo kinachoondoka aendelee hadi utetezi wa tasnifu, na chuo kimoja kitajwe kwa jina kuwa ndicho kitakachotunza rekodi za kozi za pamoja na kutoa nakala ya matokeo, muungano uwepo au usiwepo.