Karte jone bila sindano

Hapa Goma, nilipokwenda kutafuta karte jone, ile kadi ya manjano inayoonyesha umechanjwa homa ya manjano, kwa ajili ya safari, kijana mmoja alinivuta pembeni kabla sijafika mlangoni. "Yaya, ya nini kupanga mstari? Leta feza, karte utaipata sasa hivi, na muhuri wake." Sindano hakuitaja kabisa.

Hasira ile haijanitoka.

Mwaka 1377 mji wa Ragusa, leo Dubrovnik, uliamuru watu wanaotoka penye tauni wakae kando siku 30 kabla ya kuingia. Venice ikazifanya 40, na karantini ni neno lililozaliwa na hesabu hiyo ya arobaini. Meli imetia nanga, nchi kavu unaiona, lakini hushuki. Mali yako iharibike, mtoto wako akungoje. Hata hivyo homa ya manjano ilipenya, maana mbu wake walizaliana kwenye mapipa ya maji humo humo melini, na mbu hangoji ruhusa ya mtu. Baadaye ikaja chanjo yake, ya mtafiti Max Theiler, mwaka 1937. Ukichanjwa, siku 10 zikipita, njia ni yako.

Kwa hiyo karte hiyo imesimama mahali pa zile siku za kungoja. Anayeinunua bila sindano ameshuka melini siku ya kwanza, usiku, bila kuonekana. Wengine hutetea kwamba ni umaskini. Kwa muuzaji, labda. Mnunuzi ana tiketi ya ndege mkononi! Na tangu Julai 2016, sindano moja inatosha maisha yote.

Julai 2019, Ebola ilipofika Goma, tulinawa mikono bandarini kabla ya kupanda boti la Bukavu. Petite Barrière, mpakani mwa Rwanda, tulipimwa joto, wanafunzi na mama wenye mabeseni kichwani. Waliogusana na mgonjwa walifuatiliwa siku 21. Tulinung'unika, lakini tulikubali. Mji uliovumilia hayo haustahili kuuziwa mihuri kama karanga. Muhuri ukae kwa mwuguzi anayechoma sindano, na ugongwe palepale, chupa ya chanjo ikiwa bado mezani.

Mimi nilipanga mstari, nikachomwa, safari nikaisogeza mbele siku 10. Nilipotoka, kijana yule alikuwa palepale, ameshamvuta mtu mwingine pembeni.