Klipvis ni wa kusubiriwa, ndoo iacheni nyumbani

Maji ya bamvua, yale makuu ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, yakipwa, familia nyingi huteremka kwenye miamba ya Cape Town na ndoo na nyavu, kumtafuta klipvis, yaani samaki wa mawe kwa Kiafrikana. Kwa maoni yangu ndoo hiyo haina kazi pale. Uzuri wa klipvis ni kule kujificha: kijani, hudhurungi au wekundu wa mabaka, akalala ndani ya mwani wa rangi hiyohiyo. Mtie kwenye plastiki nyeupe, unabaki na kisamaki kinachohema tu.

Na kuhema kuna sababu. Maji machache yakikaa juani hupata moto upesi na hewa yake hupungua. Mkono mkavu nao humbandua ute unaomkinga ngozi.

La kuumiza zaidi ni uzazi wake. Clinus superciliosus, yule klipvis mwenye vishungi vidogo juu ya macho na miiba ya mwanzo ya pezi la mgongoni iliyosimama kama upanga wa jogoo, hatagi mayai. Huzaa watoto hai, na jike mmoja hubeba makundi kadhaa ya vijusi vya umri mbalimbali kwa pamoja. Akifa yeye, wote hao wamekwenda.

Bamvua ya Cape Town hupwa kabisa kati ya saa 3 na saa 4 asubuhi. Fika saa nzima kabla. Lielekee jua, kivuli chako kibaki nyuma. Vaa miwani ya kukata mng'ao, chuchumaa kando ya kidimbwi kilichobaki miambani, tulia dakika kumi bila kugusa maji. Usitafute samaki mzima, hutamwona. Tafuta jicho, au unyasi wa mwani usioyumba pamoja na wenzake. Asipojitokeza, weka chini kipande cha dagaa kisichozidi ukucha; kikizidi kitaoza na kuchafua kidimbwi.

Mawe msiyapindue. Sponji na mayai ya viumbe wengine yaliyoshikamana upande wa chini hukauka, na mwani wa juu, ukifunikwa gizani, huoza. Kama umekwishalipindua, lirudishe polepole, upande uleule, shimo lilelile.

Maji yakianza kurudi, ondoka, na usiipe bahari mgongo: wimbi kubwa la huko huja bila kupiga hodi.