Simu kiunoni: ipime kuyumba, isitoe hukumu

Mzee akianguka bafuni hapa Nairobi tunasema ni uzee. Tunampa pole, tunamkanda kwa maji moto, na maisha yanaendelea hadi siku nyonga inapovunjika. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 684,000 hufa kila mwaka kwa kuanguka, na zaidi ya asilimia 80 ya vifo hivyo hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Kwa hiyo wazo la kumpima mtu kuyumba kwake kwa simu kabla hajaanguka si mchezo wa vijana wa teknolojia. Linastahili kuchambuliwa.

Ndani ya simu mna akselerometa, kipande kidogo mno cha silikoni kilichoshikiliwa na springi. Simu ikiinama au kutikisika, kipande hicho husogea na simu husoma msogeo huo. Jairoskopu nayo hupima kasi ya kuzunguka. Mfunge mtu simu mgongoni, usawa wa kiuno, kwa leso iliyokazwa vizuri. Mwambie asimame miguu pamoja, kwanza macho wazi, kisha ayafumbe. Kuyumba kwake kutarekodiwa mara 100 hivi kwa sekunde.

Jaribio la kufumba macho ni la karne ya 19, la daktari Mjerumani Moritz Romberg. Mwili husimama kwa msaada wa macho, sikio la ndani na hisia za miguu. Macho yakifumbwa, hayo mengine mawili hubaki peke yake, na mgonjwa wa kisukari ambaye nyayo zake zimekufa ganzi huanza kupepesuka. Maabara hupima hayo kwa bamba maalum la kusimamia, kifaa ghali ambacho huwezi kukibeba hadi Kayole au Mathare.

Simu inabebeka, na huo ndio uzito wa hoja ya wanaoiunga mkono. Mwaka 2023 serikali iliwapa wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000 mikoba yenye mashine ya presha na ya sukari, pamoja na simu za kazi. Mhamasishaji anayempima nyanya sukari nyumbani kwake angeweza kumpima na kuyumba papo hapo.

Wasiwasi wangu unaanzia kwenye simu zenyewe. Nyingi za bei nafuu zinazouzwa barabara ya Luthuli, hapa Nairobi, hazina jairoskopu, na simu mbili tofauti zinaweza kumsoma mtu yuleyule kwa namna mbili. Leso ikilegea, unapima leso. Ujumbe wa M-Pesa ukiingia katikati ya kipimo, simu inatetemeka na mtetemo huo unahesabiwa kama kuyumba kwa mgonjwa. Mkao nao una mtego wake: mtu akiwa ametulia, simu husoma mwinamo vizuri kwa sababu inategemea mvutano wa dunia, lakini akianza kutembea, mwinamo na mwendo huchanganyika. Programu inayodai kukwambia shingo yako imepinda huku simu iko mkononi inapima mkono tu.

Kinachonitia hofu zaidi ni ile alama nyekundu ya hatari ambayo programu huonyesha mwishoni mwa kipimo. Mzee akiambiwa yuko hatarini, bila maelezo, huacha kutoka nje. Misuli ya miguu inalegea, na kuanguka kunakaribia zaidi. Halafu kuna waajiri: kibarua wa mjengo anayepanda jukwaa kila asubuhi anaweza kunyimwa kazi kwa sababu ya matokeo ya kipimo cha simu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, na hizi za kuyumba ni za afya hata kama zimekusanywa na programu ya bure.

Nikizipima pande zote mbili, naegemea upande wa kuitumia, kwa sharti moja: mtu alinganishwe na nafsi yake. Simu ileile, mahali palepale kiunoni, sakafu ileile, mwezi huu na mwezi ujao. Akizidi kuyumba, aonwe na mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo, maana mazoezi ya kusimama imara bila kuyumba na ya nguvu za miguu yamethibitishwa kupunguza kuanguka kwa wazee. Kaunti inayotaka mradi wa namna hii ianze kwa kuajiri wataalamu hao na kuwapeleka mitaani. Programu inunuliwe baadaye.