Muulize bibi alibeba nini

"Historia mimi sina, mume wangu. Nenda kwa wazee wa pale msikitini, wao ndio wanajua."

Hilo ndilo jibu alilonipa bibi yangu mzaa mama, kwake Nachingwea, Kusini mwa Tanzania, siku ya kwanza nilipomwekea simu mbele na kumwomba anisimulie historia ya kijiji. Nilikuwa nimejiandaa hasa. Simu imejaa chaji, maswali 15 yameandikwa kwenye daftari, na yote ya aina moja: kijiji kilianzishwa lini, kiongozi wa kwanza alikuwa nani, Vita vya Majimaji vilifika huku au havikufika. Kwa kila swali bibi alitikisa kichwa na kuendelea kupepeta mtama wake.

Nikafunga daftari. Macho yangu yalikuwa kwenye kinu chake, kile cheusi chenye ufa mdomoni, nikamuuliza tu, "Bibi, hiki kinu unacho tangu lini?"

Akazungumza saa 1 na dakika 20. Lori lilifika asubuhi, familia kadhaa zikaambiwa zipande na kila mtu achukue anachoweza. Yeye alikuwa na mama yangu mgongoni. Kinu kikapakiwa. Mchi, kwa ile haraka, ukabaki uani umeegemezwa ukutani. Walikoshushwa hapakuwa na nyumba, palikuwa na vigingi vimepigwa kwa mstari kuonyesha kila mtu ajenge wapi. Msimu mzima alitwanga kwa mchi wa kuazima, tena kwa zamu, maana waliosahau michi walikuwa wengi. Usiku wanaume walirudi kimyakimya kwenye mahame kuchimba muhogo waliouacha ardhini.

Hiyo ndiyo Operesheni Vijiji. Mwaka 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kufikia mwisho wa 1976 wananchi wote wa vijijini wawe wamehamia katika vijiji. Shuleni nilijifunza tarehe hizo na nilizijibu kwenye mtihani. Habari ya mchi sikuwahi kuisoma popote.

Tangu siku ile nimeamini jambo moja, na ndilo linalonifanya niandike. Tunapokwenda kwa wazee tunawauliza yale ambayo tayari yamo kwenye vitabu, kisha tunarudi tukilalamika kwamba wazee hawakumbuki. Wanakumbuka sana. Sisi ndio tunaouliza vibaya, na muda wa kujirekebisha ni mfupi mno.

Angalia tulivyoponea kwenye Majimaji. Vita hivyo vya kuwapinga Wajerumani vilianza Julai 1905 katika vilima vya Umatumbi, na kwa muda mrefu habari zake zilikuwa za Wajerumani: maofisa, wamisionari, ripoti za kijeshi. Kisha, miaka ya 1960, mwanahistoria Gilbert Gwassa akaenda kukaa na wazee wa Umatumbi na majirani zao. Mwaka 1968 chuo kikuu cha Dar es Salaam kikatuma wanafunzi katika maeneo yaliyopigana, wakahoji wazee waliokuwa bado hai. Piga hesabu. Aliyekuwa na miaka 12 vita vilipoanza, mwaka 1968 alikuwa na 75. Wangechelewa miaka 15 tu, wangekuta makaburi.

Na mengi waliyoyapata huyakuti katika majalada ya ofisi. Tunajua kwamba walioanza kung'oa pamba ya kulazimishwa pale Nandete, huko Umatumbi, na kuwasha vita, ni Ngulumbalyo Mandai na Lindimyo Machela, kwa sababu wazee waliwataja kwa majina. Tunajua neno njwiywila, ule ujumbe wa kunong'onezana uliopita kijiji hadi kijiji kuwaambia watu kwamba Ngarambe kuna mtu mwenye dawa, na kwamba aliyetaka kuusikia alitoa pesa moja, sarafu ya wakati ule. Jaribu kufikiria habari za Majimaji bila neno hilo. Mtawala aliona watu wameamka ghafla. Wazee wakaeleza kwamba maneno yalipita chini kwa chini muda mrefu, kwa utaratibu, na mlangoni palikuwa na ada.

Ninawashukuru wanafunzi wale kwa moyo wote. Lakini kuna kitu kinaniuma. Nilichosoma mimi katika kazi ile kimeandikwa kwa Kiingereza. Mzee wa Kimatumbi alizungumza, maneno yake yakapanda ngazi mbili za lugha, na wajukuu zake wakitaka kuyasoma leo yawapasa kwanza wajue lugha ambayo babu hakuijua. Sauti zenyewe sijawahi kuzisikia. Sijui alinyamaza wapi, wala alicheka wapi.

Wakati ule kulikuwa na sababu, vifaa vilikuwa ghali na adimu. Sisi leo sababu hatuna. Simu ya kawaida kabisa inarekodi saa nyingi. Basi mzee aachwe azungumze lugha yake, Kimwera chake, Kimakonde chake, na rekodi ibaki nzima. Tafsiri ije baadaye, pembeni. Ukimlazimisha bibi aseme Kiswahili cha kukusaidia wewe, atakupa sentensi fupi za adabu, kama anamjibu karani.

Na tusitafute mashujaa tu. Nenda leo katika vijiji vya Kusini uulize habari za Kinjikitile, yule mtu wa dawa wa Ngarambe, mara nyingi utasimuliwa kitabu cha sekondari. Mzee amekisikia kwa mtoto wake, au kwenye redio, au kwa mgeni aliyekuja kabla yako. Simlaumu, anakupa kile anachoona umekifuata. Lakini muulize kuhusu karanga. Mwaka 1947 Waingereza walileta mradi wao mkubwa wa karanga hapa Nachingwea, kama walivyofanya Kongwa na Urambo. Kwa ajili yake wakajenga bandari Mtwara na reli ya kuja huku ndani. Mwaka 1951 mradi ukafa, na miaka ya mwanzo ya 1960 reli ikang'olewa. Hasara ya serikali ya Uingereza imeandikwa mpaka paundi ya mwisho. Je, waliokata ile misitu walikula nini kambini? Nani alipika? Walitoroka vipi waliposhindwa? Aliyekuwa mtoto wa miaka 10 mwaka 1947 leo anakaribia 90. Aliyehamishwa mwaka 1974 akiwa na miaka 30 leo amepita 80. Tuko katika saa ileile ya wanafunzi wa 1968.

Mimi mwenyewe nimeshapoteza. Ile rekodi ya kinu, saa 1 na dakika 20, haipo. Simu iliharibika, fundi akaiflashi, na kila kitu kikaondoka. Nilikuwa nimejiambia nitaihamisha wikiendi. Siku hizi rekodi hailali usiku mmoja mahali pamoja: inabaki kwenye simu, inakwenda kwenye kompyuta ya ofisini, na nakala nyingine ninampelekea dada yangu. Na mwanzoni kabisa, kabla ya swali lolote, ninasema kwa sauti tarehe, mahali, jina la anayezungumza na kwamba ameridhia. Nimewahi kupewa kaseti za zamani zenye sauti nzuri ajabu ya mzee, na katika familia nzima hakuna aliyeweza kuniambia ni nani.

Nilirudi kwa bibi, nikamwomba arudie. Hakurudia. Alisimulia upya, na safari hii mchi haukusahauliwa, alikatazwa kuupakia kwa sababu lori lilikuwa limejaa. Ipi ni kweli? Mwanzoni nilisumbuka. Sasa ninazitaka zote mbili. Mara ya kwanza alijilaumu yeye, mara ya pili alimlaumu mtu wa lori, na baina ya hizo mbili nimeelewa jinsi uhamisho ule unavyomkaa moyoni kuliko ambavyo tarehe ingeniambia.

Hadithi ni kazi nyingine kabisa, na hapo tunaharibu zaidi. Tunamtoa bibi kwa watu, tunamkalisha peke yake kwenye chumba kimya ili sauti itoke safi, kisha tunamwambia, haya, tupe hadithi ya Sungura na Fisi. Anasema "Hadithi, hadithi!" na hakuna wa kumjibu "Hadithi njoo!" Wimbo ulio katikati ya hadithi huimbwa na watoto, yeye anaanzisha tu. Bila wao anauruka, na hadithi inakwisha kwa dakika tatu. Nilipomrekodi usiku uani, wajukuu wamejazana mkekani, mbuzi wanalia, mtoto mmoja anabisha kwamba jana Fisi hakufa, hadithi ileile ilichukua dakika 25. Sauti ni chafu. Nisingeibadilisha na ya studio.

Shule zetu zina watoto wanaokaa na wazee hawa nyumba moja. Ninatamani mwalimu wa historia awape zoezi moja tu kwa muhula: mrekodi bibi au babu kwa lugha ya nyumbani, dakika 30, umuulize kuhusu kitu kimoja kilichomo ndani ya nyumba. Jembe, sanduku, kanga ya zamani. Shule itunze nakala. Kijiji kikitaka kusikiliza, kijue pa kwenda, bila kupanda basi hadi Dar es Salaam.

Lakini si kila kitu ni cha kuwekwa mtandaoni, na hili vijana wenzangu wenye chaneli zao wanalisahau. Mambo ya jando na unyago yana wenyewe. Kuna nyimbo ambazo mimi kama mwanamume sipaswi kuzisikia, seuze kuzirusha kwa watu wasionijua ili nipate watazamaji. Mwenye maneno ndiye mwenye ruhusa, na ruhusa ya jana si lazima iwe ya leo.

Mwezi uliopita nilikwenda tena. Shikamoo bibi, marahaba mume wangu, umekuja na kile kidude chako? Tukazungumza kuhusu mwaka wa njaa, kuhusu mdogo wake aliyeondoka na FRELIMO, wapigania uhuru wa Msumbiji, wakati wapiganaji hao walipokuwa na kambi yao hapa Nachingwea. Alipofika kwa huyo mdogo wake akanyamaza. Jogoo akawika mara mbili, imo kwenye rekodi. Kisha akasema, "Zima hiyo."

Nikazima. Akaendelea kuzungumza mpaka giza lilipoingia.