Matumbawe ya tangini: kukata vipande au kungoja mayai?

Tangu Jamie Craggs na wenzake wa jumba la makumbusho la Horniman, London, walipochapisha mwaka 2017 jinsi ya kuyafanya matumbawe ya Acropora, yale magumu yenye matawi, yamwage mayai tangini, wafugaji wa nyumbani wanaulizana kama kuyazalisha kwa kukata vipande kumepitwa na wakati. Hakujapitwa, ila wanaotetea mayai wana hoja.

Kukata ni rahisi. Tawi la sentimita 3 hukatwa kwa koleo, likagandishwa kwa supaglu kwenye kigae, na baada ya wiki chache nyama yake imeshatambaa juu ya gundi. Kila kipande kinachouzwa hivyo kinapunguza haja ya kung'oa kingine mwambani, na hilo si dogo, kwani matumbawe magumu yote yamo kwenye Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya viumbe wa porini. Kasoro ni kwamba vipande vyote ni nakala za mwili mmoja. Joto au ugonjwa unaoua kimoja unaweza kuvimaliza vyote.

Kizazi kipya hutokana na mayai, na hapo ndipo wengi hukwama. Acropora moja hubeba mayai na mbegu za kiume pamoja, lakini ni nadra kujirutubisha. Mwenye tangi lililojaa vipande vya mama mmoja ataona mayai yakielea, kisha yataoza. Yanahitajika makoloni (yaani matumbawe mazima) mawili au zaidi ya spishi moja, yenye wazazi tofauti, yenye upana wa kama sentimita 20. Kipande kidogo hutumia chakula chake kukua tu.

Mayai huchukua miezi kukomaa, kwa hiyo joto, urefu wa mchana na mwezi vifuate mwaka mzima kalenda ya mwamba yalikotoka. Acropora za Mombasa, kwa mfano, hazimwagi kwa pamoja ndani ya siku chache kama nyingi za Australia, bali hujigawa katika miezi kadhaa ya kaskazi. Ukinunua moja ya huku na nyingine ya kule, huenda zisikutane kamwe. Giza nalo lina kazi yake: baada ya mwezi mpevu, mwezi huchelewa kuchomoza, na kipindi kile cha giza baada ya machweo ndicho kinachoziamsha. Mwanga wa televisheni sebuleni unaweza kuvuruga.

Kupima, vunja tawi chini ya ncha, maana nchani hamna mayai. Yakiwa meupe hayajakomaa. Yakiwa ya waridi au mekundu yamekaribia. Usiku wenyewe tumia kurunzi nyekundu. Vifurushi vya mayai na mbegu vikionekana vinywani mwa polipu, vile viumbe vidogo vinavyounda tumbawe, zima pampu na mashine ya povu inayosafisha maji kabla havijaachiwa, la sivyo vitasagwa. Vichote juu ya maji, changanya vya makoloni yote, subiri saa moja au mbili baada ya kupasuka, kisha suuza mayai mara kadhaa kwenye wavu wa mikroni 150. Wanaoruka hatua hii hukuta beseni linanuka asubuhi: mbegu zilizobaki zimeoza na kumaliza oksijeni. Usiweke bomba la hewa siku ya kwanza, kwani viinitete huvunjika.

Baada ya siku 4 hadi 7 hivi viluwiluwi hutafuta pa kushika. Wape vigae vilivyokaa tangini hadi vikaota mwani mgumu wa waridi. Polipu changa huanza maisha bila mwani wa ndani unaoilisha, hivyo weka kipande cha mzazi karibu. Hata hivyo nyingi zitakufa.

Kwa mfugaji wa kawaida, basi, mkasi bado una faida kuliko kalenda. Anayetaka kuona uzazi kwa gharama ndogo afuge Pocillopora acuta, tumbawe jingine la matawi, ambayo huachia viluwiluwi vilivyokwisha kubeba mwani, na mara nyingi vichanga vyake huota vyenyewe kwenye kioo. Hoja ya kuokoa miamba kwa mayai ya sebuleni ndiyo isiyosimama: tangi lenye matumbawe ya Indonesia na Australia lina vimelea vya kote huko, na kinachozaliwa humo hakipaswi kutiwa baharini.